Kuhamia tangi kubwa la matumbawe: maji yanazidi mara tano, mengine hayazidi

Swali linalorudi kila mtu anapotaka kutoka tangi dogo la maji ya chumvi la kufugia samaki na matumbawe kwenda kubwa ni hili, nizidishe kila kitu kwa ngapi? Tangi limekua mara tano, basi chumvi mara tano, taa mara tano, pampu mara tano, dozi ya kalsiamu mara tano, na samaki je, nao mara tano? Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa na wala si kosa lao, manake maelezo mengi yanaongelea vifaa tu, nunua hiki funga kile, hayasemi kwamba ndani ya tangi kila kitu kina kipimo chake. Vingine vinafuata lita. Vingine vinafuata ukubwa wa uso wa maji. Vingine vinafuata wanyama ulionao, na wanyama siku ya kuhama ni walewale wa jana. Na kuna vichache vinaanza upya kabisa. Ukishajua kipi kiko fungu gani, kuhama kunakuwa kazi ya kawaida, ndefu ila ya kawaida. Mimi nililielewa hili vizuri baada ya kuunguza matumbawe yangu mwenyewe, nitafika huko.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao mpaka mwisho. Tangi la zamani lina urefu sentimita 60, upana 40, kina 35. Likijaa ni lita 84. Jipya ni 120 kwa 60 kwa kina cha 55, hizo ni lita 396, ukiongeza na maji ya sampu, yaani lile tangi la chini kwenye kabati lenye pampu na skima, kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, mfumo mzima unakuwa kama lita 450. Sasa angalia. Maji ya tangi lenyewe yameongezeka karibu mara tano. Uso wa maji umeongezeka mara tatu tu. Kina kimeongezeka mara moja na nusu hivi. Namba tatu tofauti kwenye tangi lilelile, na kila moja ina kazi yake.

Anza na uvukizi manake ndio mwepesi kuona. Kila mtu anasema tangi kubwa lina utulivu zaidi, na ni kweli, ila sababu inayotolewa kila siku ni wingi wa maji, na kwenye uvukizi sivyo. Tuseme nyumba yako inavukiza milimita 3 kwa siku. Tangi dogo linapoteza kama lita 0.7, kubwa linapoteza kama lita 2.2, kwahiyo kubwa linakunywa zaidi. Lakini milimita 3 kwenye kina cha sentimita 35 ni karibu asilimia 0.9 ya maji yote, kwenye kina cha 55 ni kama asilimia 0.55. Kilichokusaidia hapo ni kina, lita hazihusiki. Ukinunua tangi pana lenye kina kifupi, lile la kuangalia kutoka juu, linaweza kuwa na lita nyingi na bado chumvi ikapanda haraka kuliko unavyodhani. Na chumvi ndiyo hoja yenyewe hapa, manake yanayopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukisafiri wiki nzima hakuna wa kuongeza maji, tangi dogo linatoka 35 kwa elfu linafika 37 na kidogo, kubwa linafika kama 36.4. Samaki atavumilia, ila konokono na kamba na matumbawe laini huenda wakaanza kujikunja.

Kwahiyo kile kifaa cha kuongeza maji chenyewe, chenye kisensa kidogo na pampu kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, kwenye tangi dogo ulikuwa unaweza kukiacha ukawa unamimina jagi kila asubuhi. Kwenye kubwa kifunge. Ukijumlisha na uso wa sampu unaongelea lita 3 kwa siku, ndoo ya lita 20 inaisha ndani ya siku sita saba. Na maji hayo yawe ya RO, yaani yaliyochujwa kwa kusukumwa kwenye utando, yaliyopita pia kwenye resini, kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0, manake chochote kilichomo kwenye maji ya bomba, iwe fosfeti, silika, shaba ya mabomba au kloramini, kitaingia kila siku na hakitoki.

Uzito na mafuriko nitapita haraka ila msipite haraka nyie. Maji ya chumvi lita 396 ni kama kilo 406, kioo cha milimita 12 kinakaribia kilo 80, weka mawe, mchanga, kabati, sampu, umevuka kilo 600 kirahisi na zote zimekaa kwenye eneo lisilofika hata mita moja ya mraba. Sakafu za makazi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, japo huo ni mzigo uliosambaa chumba kizima. Chini kwenye zege lililomwagwa juu ya ardhi hakuna shida. Ghorofani tangi likae kwenye ukuta unaobeba, lisikae katikati ya chumba, na kama sakafu ni ya mbao likatize mbao nyingi za chini badala ya kulalia mbili, na ukiwa na mashaka muulize mtu wa majengo kabla hujanunua kioo. Mafuriko nayo yanafuata uso. Umeme ukikatika pampu inasimama na maji yote yaliyo juu ya mdomo wa kumwagia yanashuka kwenye sampu. Kwenye uso wa 120 kwa 60, sentimita 2 tu za maji ni lita 14 na zaidi, bado yaliyomo kwenye mabomba. Njia ni moja, tangi likishajaa zima pampu kwa mkono, kaa hapohapo uangalie mpaka maji yaache kushuka, chukua kalamu ya wino usiofutika na kama sampu haikufurika washa tena, upige mstari kwenye sampu pale maji yanapokaa pampu ikiwa inafanya kazi, na usijaze kuvuka huo mstari hata siku moja. Bomba la kurudishia maji nalo litobolewe katundu kadogo karibu na uso ili lisinyonye kurudi chini, na hako katundu ukasafishe kila mwezi manake konokono anapenda kukaa hapo.

Sasa tuingie kwenye kiini.

Samaki anatoa amonia kupitia matamvua yake kila saa, akila zaidi anatoa zaidi. Bakteria wa kundi moja wanaigeuza kuwa nitraiti, wengine wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti ambayo haina sumu kali. Bakteria hawa hawaelei, wamejishika kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye sponji ya filta, hata ndani ya mabomba, na idadi yao inalingana na chakula wanachopata. Kwahiyo mtu anayehangaika kubeba maji yote ya zamani kwa ndoo akidhani ndio mbegu ya tangi jipya, anabeba kitu ambacho kina bakteria wachache sana, afu mawe ameyaacha kwenye beseni yanakauka juani. Utajiri uko kwenye mawe. Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza tangu mwaka 1961 jinsi alivyokuwa anaendesha matangi ya chumvi kwa mawe na mchanga hai kutoka baharini pamoja na mapovu ya hewa, na mpaka leo na skima zetu zote bado tunasimama kwenye jambo hilohilo.

Hii ndio sababu tangi kubwa halihitaji kusubiri wiki sita likiwa tupu kama unahamisha mawe yako yote yakiwa mabichi na samaki ni walewale. Mzigo haujabadilika. Bakteria waliokuwa wanamaliza amonia ya samaki wanne jana, leo wako kwenye chumba kikubwa zaidi na samaki walewale wanne, kazi ni ileile. Na amonia kidogo ikitokea, imechanganyika kwenye maji mara tano zaidi. Hapo ndipo lita zinakusaidia kweli. Kinachoharibu ni mtu kuhama Jumamosi, Jumatatu anaona tangi linaonekana wazi sana, anaingiza samaki sita wapya. Bakteria wa samaki wanne hawawezi kuwahudumia kumi kwa usiku mmoja. Wanazaliana, ndio, ila taratibu sana ukilinganisha na bakteria wengine.

Mawe yenyewe yakae ndani ya maji muda wote. Jiwe hai lina sponji ndogondogo ndani ya vitundu, na sponji nyingi zikishika hewa ndani hazirudi, zinakufa, zinaoza, na hiyo ndiyo amonia unayoiona siku ya pili ukashangaa imetoka wapi. Na kwa kuwa mawe ya tangi dogo hayatajaza kubwa, utaongeza mawe makavu. Hayo yaandae mapema kwenye pipa lenye giza, maji ya chumvi, hita na pampu, weka kipande kimoja cha jiwe la zamani kama mbegu, tonesha amonia kidogo, pima. Wiki nne hadi sita mara nyingi zinatosha mpaka amonia unayoweka inaisha ndani ya siku moja na nitraiti haionekani. Mawe makavu mengine yana fosfeti ya vilivyofia humo zamani, kwahiyo pima na fosfeti ya maji ya pipa, ikiwa juu badilisha maji, heri iishie kwenye pipa.

Kuhusu maji ya zamani, yanafaa ila kwa sababu nyingine. Tangi lako dogo lina lita 84, jipya linataka 450. Hata ukibeba yote, asilimia 80 na zaidi ni maji mapya. Yaani tumbawe lako linabadilishiwa maji kwa asilimia 80 kwa mkupuo, kitu ambacho siku ya kawaida usingethubutu. Joto unalinganisha kwa hita, 25 au 26, chumvi unalinganisha kwa rifraktomita uliyoirekebisha kwa kimiminika cha 35, hayo wengi wanayajua. Wanalosahau ni alkaliniti, akiba ya kabonati majini, inayopimwa kwa dKH. Kuna chumvi za dukani zikichanganywa zinatoa dKH 11 au 12, na wewe tangi lako umelizoesha 8. Pima maji mapya kabla ya siku ya kuhama, na kama yametofautiana sana tafuta chumvi inayotoa namba karibu na yako, au pandisha tangi la zamani polepole, nusu dKH kwa siku, mpaka zikutane. Chumvi yenyewe inaenda kama gramu 36 hadi 38 kwa lita, kwahiyo jiandae na kilo 16, 17 hivi, na siku zote chumvi inaingia kwenye maji yanayozunguka, usimwagie maji juu ya rundo la chumvi, vinginevyo kalsiamu inashikana na kabonati inakuwa unga mweupe chini ya pipa na hairudi tena.

Na sasa niseme la matumbawe yangu. Tumbawe la mawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati, na alkaliniti ndio kipimo cha akiba ya hiyo kabonati majini. Maji ya bahari yana kama dKH 7, wengi wetu nyumbani tunashika 8 hadi 9. Tangi langu dogo lilikuwa linashuka 1.4 kwa siku, nikawa narudishia kila siku kwa mashine ya dozi, na kwa miezi namba haikutikisika. Nilipohamia kubwa nikafanya hesabu niliyoiona ya akili, maji mara tano, dozi mara tano. Siku ya tatu asubuhi nikapima nikasoma 11 na kitu. Nikapima tena nikidhani nimekosea matone. Ncha za Acropora, tumbawe la mawe lenye matawi, zilikuwa zimegeuka nyeupe, mwanzoni unaweza ukafikiri ni ule weupe mzuri wa kukua, ila ukisogeza jicho mpaka pua iguse kioo unaona hakuna vile vinywele vya polipu, yaani vijinyama vidogo vinavyounda tumbawe, nyama imerudi nyuma milimita mbili tatu na mfupa uko wazi, na kwenye matawi mawili mwani wa kahawia ulishaanza kushika. Matawi manne sikuyapata tena.

Kosa liko hapa. Matumbawe yalikuwa yaleyale. Yanakula kwa gramu, na gramu hazijui tangi lina lita ngapi. Dozi yangu ya zamani kwa lita 84 ilikuwa sawa na gramu 3 na nusu za soda ya kupikia kwa siku, na matumbawe yale yaliendelea kuhitaji gramu 3 na nusu. Kwenye lita 450 ulaji huohuo unaonekana kama kushuka 0.26 tu kwa siku. Mimi nikamimina mara tano, maji yakawa yanapanda kama dKH 1 nzima kila siku. Kwahiyo sheria yake ni hii: siku ya kuhama dozi inabaki ileile kwa gramu, au hata unaisimamisha siku mbili tatu manake matumbawe yaliyosumbuliwa yanapunguza kujenga, unapima alkaliniti kila siku saa ileile, na unaongeza kufuata kipimo. Lita zinaingia kwenye hesabu pale tu unapotaka kurekebisha namba, mfano kupandisha dKH 1 kwenye lita 100 ni gramu 3 hivi za soda, kwa lita 450 ni 13 na nusu. Hizo ni hesabu mbili tofauti, moja ya kulisha na moja ya kurekebisha, na ukizichanganya unapata nilichopata. Kalsiamu inakwenda nayo pamoja, kila dKH 2.8 inayoliwa kwa ajili ya mifupa inaondoka na miligramu 20 za kalsiamu kwa lita, kwahiyo ukiona alkaliniti inashuka sana na kalsiamu haijaguswa wiki nzima, kwanza shuku vipimo vyako.

Ulaji utapanda baadaye, hilo usisahau. Vioo vipya, pampu mpya, mawe makavu, vyote vitafunikwa na ule mwani mgumu wa rangi ya waridi, na huo nao unajenga kwa kalsiamu ileile. Mimi kwenye mwezi wa nne tangu kuhama ndio niliona dozi inaanza kudai kuongezwa.

Taa inafuata uso na kina. Eneo ni mara tatu, kwahiyo ukitumia taa zilezile unahitaji kama tatu kulifunika, ila nguvu yake ni suala la kina na urefu wa kuning'iniza. Kipimo cha kuaminika ni PAR, mwanga unaofika pale tumbawe lilipo na vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake vinaweza kuutumia. Matumbawe laini wengi wanayaweka kati ya 50 na 150, yale ya polipu kubwa hapo hapo katikati, Acropora na ndugu zake 200 hadi 350. Ukiweza azima mita upime sehemu nane kumi ndani ya tangi lenye maji bila wanyama. Mtu akihama na taa mpya kali, maji mapya yaliyo safi kuliko ya zamani, anawasha asilimia 80 siku ya kwanza, baada ya wiki matumbawe yamekuwa meupe manake yametema vile vijimwani. Anza na nusu ya ulichozoea kupima kwa PAR, panda kidogo kila wiki kwa mwezi au mwezi na nusu, na kila tumbawe lianzie chini kabla ya kupandishwa juu.

Hita kwa ufupi, funga mbili ndogo kuliko moja kubwa. Hita ikiharibika hatari ni kukwama ikiwa inawaka, na wati 400 zinapandisha lita 450 kwa nyuzi 0.8 hivi kila saa, ukirudi kazini umeshachemsha. Wati 200 zikikwama zinapandisha nusu ya hapo na chumba kinakula sehemu yake, unapata muda. Kidhibiti joto cha nje kinaongeza ulinzi.

Siku yenyewe ya kuhama. Tangi jipya liwe limeshajazwa maji matupu siku kadhaa kabla kupima kuvuja na ulalo, na kama ni la mtumba hakikisha halikuwahi kutibiwa samaki kwa shaba, shaba inaua viumbe wasio na uti wa mgongo kwa kiasi kidogo sana. Asubuhi maji mapya yanakuwa na siku nzima yakizunguka kwenye joto. Toa kwanza maji masafi ya juu ya tangi la zamani uyaweke kwenye mapipa, humo ndimo matumbawe na mawe na samaki watakaa. Matumbawe yanatoka ya kwanza, kila moja likikaa lisigusane na jirani manake yanachomana. Halafu mawe. Samaki wa mwisho, usiwakimbize na wavu mawe yakiwa bado ndani utaangusha kila kitu, subiri mawe yameisha na maji yamebaki sentimita 15, hapo unawachota kwa chombo kwa utulivu. Pipa la samaki liwe na mfuniko, hita, na pampu ya hewa. Vaa glavu na miwani, na hili nalisema kwa uzito wote, zile polipu za jamii ya zoanthidi, hasa Palythoa, nyingine zina palitoksini, sumu kali kuliko nyingi zinazojulikana, usizikate ukaruhusu zikurukie machoni, usisugue jiwe lake kwa brashi, na usichemshe jiwe wala kulimwagia maji ya moto kamwe, mvuke wake umepeleka familia nzima hospitali.

Mchanga wa zamani ndio adui wa siku hiyo. Ukiinua jiwe la mwisho unaona chini yake mchanga umeshika mabaka meusi, ukiuchokoa unatoa harufu ya yai lililooza, hiyo ni haidrojeni salfaidi kutoka sehemu zilizokosa oksijeni, na pamoja nayo kuna taka za miaka zilizolala. Ukiuzoa wote ukaumwaga kwenye tangi jipya unamwaga amonia na sumu kwa wanyama waliochoka tayari. Mimi ushauri wangu ni mchanga mpya uliosuuzwa, na kikombe kimoja viwili vya safu ya juu ya ule wa zamani kama mbegu ya wadudu wadogo. Kama lazima uutumie wote, suuza mpaka maji yatoke safi kabisa, ukijua umeua bakteria wake na kuanzia hapo unategemea mawe peke yake. Maji ya sentimita tano za mwisho yamwage, yote.

Ukishaweka mchanga na mawe tangi litakuwa kama maziwa, subiri masaa kadhaa na soksi ya filta inafanya kazi, pima chumvi na joto, afu ingiza matumbawe na samaki wakishazoeshwa kwa kudondoshewa maji. Taa zizimwe jioni hiyo. Kesho yake lisha kidogo sana. Amonia ipimwe kila siku kwa wiki mbili, na uwe na chupa ya dawa ya kufunga amonia na maji mapya ya kubadilishia tayari.

Kitakachoanza upya hata ufanye vizuri vipi ni ngozi ya nje ya kila kitu kipya. Mawe makavu, mchanga, vioo, hakuna anayemiliki hizo sehemu bado, kwahiyo watakuja kwa zamu, kwanza vumbi la kahawia la daiatomu, halafu mwani wa kijani, pengine na utando mwekundu wa sianobakteria. Daiatomu zinapita zenyewe. Wa kuogopa ni dinoflajeleti, kamasi ya kahawia yenye mapovu inayopungua usiku na kurudi mchana, na huyo mara nyingi unamwita mwenyewe kwa kusafisha kupita kiasi. Samaki wachache kwenye maji mengi, mawe makavu yanayonyonya fosfeti, skima kubwa mpya, nitreti na fosfeti vinafika sifuri na hapo dino hana mshindani. Kwahiyo mwanzoni acha skima isimame au uipunguze, sahau kemikali za kutoa fosfeti, lisha vizuri, shika nitreti kati ya 5 na 10 na fosfeti isishuke chini ya 0.03.

Samaki mpya wa kwanza, mmoja, baada ya mwezi namba zikiwa zimetulia. Na kwa samaki usiangalie lita, angalia urefu. Kangaja wa bluu, Paracanthurus hepatus, anafika sentimita 30 na ni muogeleaji, tangi la sentimita 120 atalimaliza kwa pigo nne za mkia, huyo mwache hata kama lita zinaonekana kumtosha. Wakorofi waingie mwishoni, manake aliyetangulia anajiona mwenye nyumba.

Tangi dogo usiliuze. Litoe mawe na mchanga, weka mabomba mawili ya plastiki ya kujifichia, sponji uliyoiacha kwenye sampu ya tangi kubwa mwezi mzima iote bakteria, na hita, na kila samaki mpya apitie humo wiki nne kabla ya kuingia kubwa. Ule ugonjwa wa madoa meupe wa Cryptocaryon ukiingia kwenye tangi la matumbawe huwezi kuweka shaba humo, unabaki na njia ya kutoa samaki wote na kuliacha bila samaki, na muda ambao wafugaji wengi wanaushika ni siku 76. Kukamata samaki wote kwenye tangi la sentimita 120 lililojaa mawe maana yake ni kulibomoa tena, na mawe yakiwa yameshashikana na matumbawe yamefumana hakuna kinachotoka bila kuvunjika.